Gurudumu la Saa Nne

Kitengo chetu kinahakiki visima. Halmashauri ikiandika kwamba imechimba kisima, mmoja wetu anasafiri kwenda kukitazama. Kisima kipo au hakipo, kina maji au hakina. Ni kazi ninayoipenda kwa sababu majibu yake hayategemei mtu ameamkaje.

Tatizo lilikuwa nani asafiri. Visima vya jirani, vya Chamwino na Kongwa, havikugombewa na mtu: unaondoka asubuhi na gari la ofisi, unarudi jioni na vumbi masikioni. Vilivyoleta maneno ni vya Kagera, Kigoma na Ruvuma, kwa sababu huko mtu huenda kwa ndege na kulala nyumba ya wageni yenye maji ya moto. Wala kutazama kisima hakuhitaji digrii. Kunahitaji macho, fomu na ndoo. Kwa hiyo kila mtumishi alijiona anafaa, na kwa miaka mingi aliyekwenda ni yule aliyejua kumchekesha mkuu aliyekuwepo.

Septemba mwaka jana Mkuu wetu mpya, Octavian, mtu mpole anayeogopa manung'uniko kuliko anavyoogopa wakaguzi, aliniita ofisini kwake.

"Joha, wewe ni mtu wa takwimu. Nitengenezee kitu cha haki ambacho hakuna atakayenilaumu."

Nilimtengenezea gurudumu. Ilikuwa programu ndogo kwenye kompyuta yangu, ikionyeshwa ukutani kwa projekta: duara lenye vipande kumi na viwili vya rangi, kila kipande kikiwa na namba na jina la mtumishi, kwa mpangilio wa alfabeti, na mshale juu yake. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Mkuu angebonyeza kitufe. Duara lingezunguka kwa sekunde tisa na kusimama. Jina lililo chini ya mshale ndilo linasafiri.

Kabla hatujaanza nilipendekeza kwamba anayeshinda atolewe kwenye gurudumu mpaka wote wapate. Kwa kanuni hiyo, kufikia katikati ya Februari kila mmoja wetu angekuwa ameshapanda ndege. Kikao kilipiga kura: kumi na moja walikataa, mmoja akakubali. Huyo mmoja ni mimi. Kila aliyekataa alikuwa na hakika kwamba yeye atashinda mara mbili.

Aliyenishangaza zaidi ni Mzee Bartolomayo. Yeye ndiye mtunza masijala wetu, mzaliwa wa Mlali, mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, na alikuwa anastaafu tarehe 30 Juni. Hajawahi kupanda ndege. Marejesho ya kila safari, yaani risiti na tiketi, hupita mikononi mwake, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo alikuwa akitoboa matundu kwenye vipande vya pasi za kupandia ndege za watu wengine, akivifunga kwa uzi wa kijani na kuviweka kabatini. Alijua mpangilio wa viti vya ndege kuliko watu waliovikalia.

"Saba A ni dirishani," aliwahi kuniambia. "Kumi na mbili F ni dirishani pia, lakini bawa linakuziba. Mimi sitaki makubwa, binti yangu. Nataka kimoja kiwe na jina langu kabla sijarudisha funguo za masijala."

"Sasa mbona umekataa majina kutolewa?" nilimuuliza. "Ungepanda kwa hakika."

Alinitazama kwa huruma. "Ukitoa majina, yule wa mwisho hatashinda. Atapewa."



Mizunguko ilipoanza, niligundua kwamba nilikuwa nimetengeneza kitu nisichokijua. Mhasibu wetu, aitwaye Zaidi, alishinda mzunguko wa kwanza akiwa chooni. Kufikia Desemba, ikikaribia saa nne, watu watatu walikuwa wakigombea choo kimoja. Paulina, katibu muhtasi, aligeukia ukuta wa nyuma duara lilipoanza kuzunguka. "Ukilikodolea macho linaona haya," alisema. Nilifanya hesabu: katika mizunguko minane ya kwanza, walio chooni walishinda mara moja tu, ile ile ya kwanza. Nikabandika matokeo kwenye ubao wa matangazo. Zaidi aliyasoma mpaka mwisho, akasema choo kimechoka, tukipe muda.

Brighton wa TEHAMA ndiye aliyekuwa nyota. Ni kijana wa Nkuhungu ambaye wakati wa chakula cha mchana hucheza kindege kwenye simu, ule mchezo wa kubahatisha kwa pesa ambao ndege inapaa na namba zake, na wewe unatakiwa kushuka kabla haijapotea.

"Nimeshakisoma kindege," aliniambia. "Asubuhi kinakuwa na hasira, mchana kinalegea."

"Umepoteza kiasi gani mpaka sasa?"

"Sijapoteza, dada Joha. Nimeweka. Kitarudisha."

Kufikia Aprili Brighton alikuwa ameshinda gurudumu mara tatu, na watu walianza kumwomba awaguse mabega kabla ya saa nne.

Bahati ya Brighton ilimuumiza Bartolomayo kwa namna ya pekee. Kwa alfabeti, Bartolomayo alikuwa namba moja, Brighton namba mbili, na kwa kuwa duara halina mwisho, Zaidi, namba kumi na mbili, alikuwa upande wake wa pili. Kila Brighton au Zaidi aliposhinda, mshale ulikuwa umesimama jirani kabisa na jina la mzee. Mara hizo alisimama, akasogea ukutani na kupima kwa vidole nafasi kati ya mshale na mpaka wa kipande chake.

"Kidole kimoja," alitangaza. "Linanisogelea."

Hapa lazima nieleze jinsi anavyofanya kazi. Masijala ina daftari la kukumbushia. Jalada likisubiri jibu, Bartolomayo huandika tarehe ya kulirudisha mezani, na tarehe hiyo ikifika hulirudisha, hata kama mwenye meza amehamishiwa Songea. Katika miaka thelathini na mmoja hakuna jalada lililosahaulika mikononi mwake. Kosa lake lilianzia hapo. Aliamini kwamba gurudumu nalo lina daftari mahali fulani, na kwamba jina lililosubiri sana lazima siku moja lirudishwe mezani. Alilifungulia hata jalada: kila mzunguko na karatasi yake yenye namba, tarehe, mshindi, hali ya hewa, na idadi ya vidole.

"Mzee, gurudumu halina kumbukumbu," nilimwambia. "Kila Jumatatu linaanza upya. Nafasi yako ni moja kwa kumi na mbili, leo kama mwaka jana."

"Halina kumbukumbu?" Alinionyesha jalada. "Mimi ninalitunzia."

Mwezi Mei niliamua kuwasaidia. Katika kikao nilieleza ukweli ambao nilikuwa naudhani unajulikana: programu huchagua namba papo hapo Mkuu anapobonyeza kitufe. Zile sekunde tisa za kuzunguka ni picha tu. Duara halimsogelei mtu wala kumkimbia. Linajua litakaposimama kabla halijaanza kwenda. Ili waone wazi, Jumatatu ya tarehe 11 Mei niliondoa mzunguko. Octavian alibonyeza, na neno PAULINA likatokea ukutani.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Ndiyo hivyo?" Paulina aliuliza, bado ameukabili ukuta wa nyuma. "Limeshasimama?"

"Umeshinda. Unakwenda Kigoma."

Aligeuka polepole. "Mbona sisikii kitu? Shoga, hii si kushinda. Hii ni kama mshahara, unaingia tu."

Alasiri ile barua ilipita masijala kwenda kwa Mkuu, ikiomba kwa heshima na taadhima gurudumu lirudishiwe kuzunguka. Ilikuwa na sahihi kumi na moja, na ya Paulina ilikuwa ya kwanza. Octavian aliandika pembeni kwa wino mwekundu: *Lizunguke. Sekunde kumi na tano.*

Kwa usahihi niseme jambo linalonihusu. Saa yangu ya mkononi hupima mapigo ya moyo. Nikiwa mezani ni sabini na mbili kwa dakika. Jumatatu ile ya Mei, bila mzunguko, yalibaki sabini na mbili. Mzunguko uliporudi, yalipanda hadi mia moja na nne, ingawa mimi ndiye niliyeandika programu. Mimi pia nilikuwa sijawahi kushinda. Nililiweka hilo kama takwimu na kuendelea na kazi.

Ukafika mzunguko wa mwisho wa Bartolomayo, Jumatatu ya tarehe 22 Juni. Safari ilikuwa ya Bukoba, ndege mbili kwenda na mbili kurudi, kuondoka Alhamisi. Jumanne iliyofuata angestaafu. Mizunguko ishirini ilikuwa imeshapita bila jina lake. Mtu mmoja kukosa mara ishirini mfululizo ni uwezekano wa asilimia kumi na saba na nusu. Katika kundi letu nilitarajia watu wawili wa namna hiyo, na tulikuwa wawili, yeye na mimi. Hakuna muujiza wowote.

Ijumaa alasiri, tarehe 19, alikuja mezani kwangu na mkoba mpya mdogo wa magurudumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nauliza tu. Huu unaingia kwenye lile kabati la juu ya viti?"

"Unaingia."

"Ruthu alinipimia kwa rula," alisema. Ruthu alikuwa msaidizi wake masijala. "Tulisoma vipimo nyuma ya tiketi ya Brighton. Basi kazi imebaki kwa gurudumu."

Aliondoka akiuburuta mkoba ule kwenye korido. Ulikuwa mtupu na ulipiga kelele nyingi.

Watu wote walipokwisha kwenda, nilifungua programu na kuongeza mstari mmoja: ikiwa tarehe ni 22 Juni, chagua namba moja. Niliandika namba, sikuandika jina, kwa sababu namba haichoshi dhamiri kama jina. Kisha nilifunga kompyuta na kwenda nyumbani. Sina maelezo ya kitendo hicho yatakayokubalika na mtaalamu mwenzangu.

Jumatatu saa tatu na dakika arobaini karibu wote walikuwa ukumbini. Choo kilikuwa na watu wawili, wa tatu akisubiri mlangoni. Projekta ilikuwa imewashwa, duara liko ukutani, na Brighton amesimama begani mwangu kuangalia waya. Octavian aliingia na karatasi mkononi.

"Tuna dokezo," alisema, "limeletwa na Mzee Bartolomayo asubuhi hii, nami nimeliidhinisha. Mzee, lisome."

Bartolomayo alisimama. Alikuwa amevaa suti, na mkoba ulikuwa pembeni ya kiti chake.

"Rejea jalada la gurudumu, karatasi ya kwanza hadi ya ishirini," alisoma. "Kumbukumbu zinaonyesha kwamba namba mbili imeshinda mara tatu, na namba moja haijashinda kamwe. Naomba mimi na Brighton tubadilishane nafasi kwa mzunguko wa leo. Brighton hana kipingamizi."

"Sina," alisema Brighton. "Mimi kokote nipo sawa. Nyota inatembea na mwenyewe."

"Mkuu, napendekeza tusibadilishe."

"Kwa nini?"

"Haina maana. Nafasi haibadilishi kitu. Namba moja na namba mbili zina uwezekano ule ule."

"Sasa kama haibadilishi kitu," Octavian alisema kwa upole, "unapinga nini?"

Watu walicheka. Kwa miezi tisa nilikuwa nimewafundisha hoja hiyo.

"Ni utaratibu," nilisema. "Majina yako kwa alfabeti."

"Alfabeti!" Paulina alidakia kutoka ukuta wa nyuma. "Mzee wa watu anastaafu, wewe unamlilia alfabeti?"

"Au mashine iangaliwe kwanza. Nahisi kama ina hitilafu."

"Haina," alisema Brighton begani mwangu. "Nimeiwasha saa mbili asubuhi, iko safi. Ukitaka fungua hapo programu tuione wote."

Kuifungua hapo kulimaanisha kuuweka mstari wangu ukutani, wenye urefu wa mita mbili, mbele ya Mkuu. Sikuifungua. Bartolomayo alinitazama akiwa bado ameshika dokezo lake kwa mikono miwili.

"Binti yangu, si wewe uliyesema ni sawa tu?"

"Ni mimi."

"Basi nihamishe."

Nilimhamisha. Niliandika Brighton kwenye namba moja na Bartolomayo kwenye namba mbili, herufi kwa herufi, ukumbi mzima ukishuhudia. Saa nne kamili Octavian alibonyeza.

Sekunde kumi na tano ni nyingi mno kwa mtu anayejua mwisho. Duara lilizunguka, rangi zikachanganyika, Zaidi akatokea mbio kutoka chooni akifunga mkanda, kisha mwendo ukapungua. Majina yakaanza kusomeka. Lea akapita, akafuata Paulina, na Zaidi. Mapigo yangu yalikuwa mia moja thelathini na moja. Nilijikuta nasema kimoyomoyo, *songa, songa kidogo*, nikiiambia picha niliyoichora mwenyewe isogee zaidi ya pale nilipoiamuru isimame.

Lilisimama kwa Brighton.

"Mara ya nne!" Brighton aliruka. "Nilisema! Nyota inatembea na mwenyewe!"

Bartolomayo alikwenda ukutani. Alipima.

"Nusu kidole," alisema. Akashusha mkono, akaongeza, "Na kiti kilikuwa changu."

Alichukua mkoba wake na kurudi masijala. Tuliusikia kwenye korido yote.

Nilijaribu kufanya kazi siku hiyo nikashindwa. Jumanne asubuhi niliandika dokezo kwa Mkuu, ukurasa mmoja, nikieleza nilichofanya, lini na kwa mstari upi, na kuomba mzunguko ufutwe na hatua zichukuliwe dhidi yangu. Nililipeleka masijala, kwa sababu hakuna karatasi inayofika kwa Mkuu bila kupita masijala, na katika kuchanganyikiwa kwangu sikukumbuka kwamba masijala ni Bartolomayo, na kwamba yeye husoma kila kitu.

Dakika kumi baadaye alikuwa mbele ya meza yangu, karatasi mkononi. Alifunga mlango.

"Hii inasema ningeshinda."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Si labda?"

"Hakuna labda. Namba moja ilikuwa imeshapangwa tangu Ijumaa."

"Na namba moja nimeikalia tangu Septemba."

"Ndiyo."

"Nikaihama saa tatu na dakika arobaini. Kwa dokezo. Nikatafuta na sahihi ya Mkuu."

"Ndiyo."

Alivuta kiti akakaa. Nilidhani analia, mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha sauti ikatoka, na ilikuwa kicheko ambacho sijawahi kukisikia ofisini kwetu, cha mtu anayejipiga mapaja.

"Dakika ishirini! Wenzangu wanapitwa na kidole. Mimi nimepitwa na dakika ishirini na mwandiko wangu mwenyewe! Binti yangu, katika jengo hili kuna mtu amewahi kukaribia kama mimi?"

Nilifikiri. "Hapana. Zaidi ya hapo haiwezekani kukaribia."

"Kitaalamu?"

"Kitaalamu."

Alifuta macho, akaridhika kwa namna ambayo nilishindwa kuielewa, na bado nashindwa.

"Mpelekee Mkuu hiyo barua," nilisema. "Mzunguko utafutwa. Utapata safari, nina hakika."

"Nitapewa." Alitikisa kichwa. "Hata jana, kama nisingehama, ungekuwa umenipa. Ila nisingejua, na kutojua kungenitosha. Sasa najua. Nikienda Bukoba Alhamisi, nitakaa pale dirishani nikikufikiria wewe na kompyuta yako. Hapana."

"Mzee, ni ndege. Miaka thelathini na mmoja."

"Nimesema hapana, Joha."

Alitoboa matundu mawili kwenye dokezo langu kwa kile kitoboleo chake cha mfukoni, akaliandika namba ishirini na tatu, akalifunga kwa uzi wa kijani nyuma ya taarifa ya mzunguko wa mwisho. Juu ya jalada aliandika: LIMEFUNGWA. Kwa taratibu zetu, jalada lililofungwa hufunguliwa kwa kibali cha Mkuu tu, na Mkuu hajui kwamba kuna kitu cha kuombewa kibali.

Nilifuta ule mstari. Brighton alikwenda Bukoba, akakuta visima vitatu kati ya vinne, akarudi na senene wa kukaanga na kipande cha pasi ya ndege, saba A, akamkabidhi mzee siku ya kumuaga. Bartolomayo alikitoboa kwa mara ya mwisho na kukabidhi funguo.

Anaishi Mlali sasa, analima mtama. Kila Jumatatu ya mzunguko, saa nne na dakika tatu, simu yangu inaita, naye hunisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mbukwa, binti yangu. Limesimama wapi?"

Wiki iliyopita lilikuwa limesimama kwa Brighton, mara ya tano. Nilimwambia. Uwezekano wake si mdogo kama watu wanavyofikiri, na nilimwambia hilo pia.

"Na pale pangu, namba mbili, nani amekaa?"

"Ruthu. Ndiye mtunza masijala sasa, na amerithi nafasi yako."

"Limempita kiasi gani?"

Ofisi ilikuwa tupu, na duara bado lilikuwa ukutani. Niliinuka nikaenda kupima.

"Kidole kimoja," nilisema. "Lakini mzee, unajua kwamba hakuna mstari tena. Nafasi haina maana yoyote. Unajua."

"Najua, najua." Nilisikia jembe likigonga jiwe. "Mwambie asihame."